Kuanza na Kibao: Njia ya Kupanda katika Idara ya Kamera

Kama unaipenda kazi ya kamera, huenda umeshapiga harusi, video za muziki na matangazo ya maduka, na jina lako limeshaandikwa "DOP" mwishoni mwa filamu fupi ya rafiki. Dar es Salaam na Nairobi wengi wameanza hivyo. Timu ni ndogo, na mwenye kamera ndiye anayepiga, anayewasha taa, anayehamisha kadi na anayehariri usiku. Njia hiyo imetoa watu hodari na siidharau. Ila siku utakapoitwa kwenye filamu kubwa utakuta idara ya kamera peke yake ina watu watano, pengine kumi, na kila mmoja ana kazi moja anayoijua barabara. Hapo ndipo "DOP" wa jana anapogundua kwamba zipo hatua alizoziruka. Ushauri wangu ni kwamba urudi uzipite, hata kama umeshazoea kuitwa bosi.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Chini yupo mwanagenzi, anayebeba makasha, kuchaji betri na kuleta kinachotakiwa. Anafuata msaidizi wa pili, mwenye kibao cha klapa, alama za sakafuni na karatasi za kumbukumbu. Msaidizi wa kwanza ndiye mshika fokasi, na kamera iko chini ya ulinzi wake tangu inapotolewa kwenye kasha asubuhi hadi inaporudishwa. Mwendesha kamera ndiye anayetazama fremu na kuisogeza. Juu ya wote ni mpigapicha mkuu, yaani huyo DOP, anayeamua mwanga, lenzi na sura ya filamu pamoja na mwongozaji. Pembeni yupo fundi wa data, ambaye kwenye seti nyingi huitwa DIT.

Ukitaka kuona jinsi ngazi hii inavyopandisha watu, tazama filamu za Stanley Kubrick zilizotengenezwa Uingereza. Katika 2001: A Space Odyssey, iliyotoka 1968, mpigapicha mkuu alikuwa Geoffrey Unsworth. Unsworth alipoondoka kwa ajili ya kazi nyingine kabla filamu haijakamilika, aliyeendeleza alikuwa msaidizi wake, John Alcott. Baadaye Alcott akawa mpigapicha mkuu wa A Clockwork Orange, kisha wa Barry Lyndon ya 1975 iliyompa Oscar. Kwenye Barry Lyndon mshika fokasi alikuwa Douglas Milsome, na mwaka 1987 Milsome naye akawa mpigapicha mkuu wa Full Metal Jacket. Hakuna kati ya hao wawili aliyetangaza kwamba sasa amekuwa mkubwa. Walikuwa wameshaonekana wakifanya kazi ya chini bila kukosea, na nafasi ilipopatikana, aliyekuwa karibu na anayeaminika ndiye aliyeitwa. Freddie Francis naye alianza na klapa, akashika fokasi, akaendesha kamera za wengine kwa miaka mingi, ndipo akapata Oscar mbili kama mpigapicha mkuu, kwa Sons and Lovers na Glory.

Mlango wa kuingilia ni upi? Wengi hukimbilia kwa mwongozaji au mtayarishaji. Mimi nakushauri uanzie kwenye kampuni inayokodisha vifaa. Kila kamera kubwa inayopiga filamu mjini kwenu imetoka huko, na kabla haijatoka wasaidizi wa kamera huja kuikagua kwa siku moja au zaidi. Omba kazi hapo, hata ya kusafisha makasha na kukunja nyaya. Ndani ya miezi michache utakuwa umezishika lenzi ambazo mwenye kamera ya harusi hajawahi kuziona, na wasaidizi wote wa mjini watakujua kwa jina. Vyuo navyo vina nafasi yake: Kenya Institute of Mass Communication jijini Nairobi imefundisha mafundi wa filamu kwa miongo mingi, na TaSUBa ya Bagamoyo inafundisha sanaa. Warsha za One Fine Day zilizozaa Soul Boy mwaka 2010 na Nairobi Half Life mwaka 2012 ziliwaweka vijana wa kanda hii chini ya wataalamu wa kila idara, huku wakitengeneza filamu ya kweli. Warsha ya namna hiyo ikitangazwa, omba nafasi ya msaidizi kabla ya kuomba ya mpigapicha mkuu. Na filamu za kigeni zikija, kama ilivyokuwa kwa Out of Africa ya 1985 na The Constant Gardener ya 2005 iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, hapo ndipo utaiona ngazi nzima kwa macho yako.

Ukiwa mwanagenzi, kazi yako ya kwanza ni betri. Usicheke. Kamera ikizimika katikati ya tukio ambalo mwigizaji amelia machozi ya kweli, hakuna atakayeuliza nani alikuwa na kipaji. Panga betri zilizojaa upande mmoja na zilizokwisha upande mwingine, zitie utepe wa rangi tofauti, na asiziguse mtu mwingine. Ujue na sheria za ndege: betri ya lithiamu isiyozidi saa-wati 100 hupita kwenye mzigo wa mkononi, kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika na hutaruhusiwa zaidi ya mbili za akiba, na inayozidi 160 haipandi ndege ya abiria kabisa. Ndiyo maana betri nyingi za kamera zimeandikwa 98. Mwanagenzi anayeyajua haya kabla ya safari ya Mwanza au Lamu ameshaiokolea kampuni siku nzima ya kazi.

Pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu. Kasha lililolala kwenye chumba chenye kiyoyozi likifunguliwa nje saa mbili asubuhi Unguja, lenzi hujaa ukungu papo hapo, na kuifuta hakusaidii kwa sababu kioo bado ni cha baridi. Toa makasha nje mapema, yakiwa yamefungwa, yapate joto taratibu. Saa moja kwa kawaida hutosha. Jioni futa chumvi kwenye vyuma kabla ya kulala, maana upepo wa bahari hausubiri kesho.

Halafu jifunze kupokezana lenzi. Mwenye kutoa halegezi kidole hata kimoja mpaka mwenye kupokea aseme kwa sauti, "Nimeshika." Ukishalisema neno hilo, lenzi ni yako na lawama ni yako. Hufanywa hivyo kila mara, hata baina ya watu waliofanya kazi pamoja miaka ishirini, hata kukiwa na haraka gani. Kwenye seti ambayo watu hawasemi neno hilo, mimi huanza kuwa na wasiwasi na mambo mengine pia.

Sasa kibao. Watu hukiona ni kitu cha kuchezea, lakini mhariri atakayekaa na picha zako miezi mitatu baadaye anakitegemea kupanga kila kitu, na sauti huunganishwa na picha kwa ule mlio wa klapa. Kabla ya shoti andika namba zote kwa maandishi makubwa yasiyong'aa. Muulize mshika fokasi ni lenzi gani, ili ujue usimame umbali gani kibao kijae kwenye fremu. Sauti ikishaanza kurekodi, soma tukio, shoti na teki, tulia nukta moja, piga mara moja, kisha ondoka kwa njia uliyoichagua mapema, isiyopita mbele ya macho ya mwigizaji. Wakati wote huo mikono isitetemeke. Ikiwa kamera iko karibu na uso, piga taratibu sana. Mtu aliyejiandaa kulia hapaswi kupigiwa mbao puani. Shoti ikianza bila klapa, piga mwishoni ukiwa umekigeuza kibao juu chini, ili mhariri ajue mlio huo ni wa kufungia. Kama hakuna sauti inayorekodiwa, weka vidole katikati ya mbao ili ionekane wazi kwamba hakuna mlio wa kutafutwa. Ujue pia kwamba Wamarekani huongeza herufi kwenye namba ya tukio kwa kila shoti mpya, wakiziruka I na O kwa kuwa zinafanana na 1 na 0, ilhali mfumo wa Waingereza huhesabu shoti kwa namba mfululizo tangu siku ya kwanza. Muulize mtunza mwendelezo ni mfumo gani unatumika kabla hujaandika chochote.

Alama za sakafuni ni kazi yako pia. Mwigizaji akisimama kwenye mazoezi, kata utepe wenye umbo la T uuweke mbele ya vidole vya miguu yake, kila mwigizaji na rangi yake. Ikiwa sakafu itaonekana, tumia alama ndogo au zitoe baada ya mazoezi. Mchangani utepe haushiki. Tumia kijiti, kombe la pwani, au mfuko mdogo wa mchanga ambao mwigizaji ataugusa kwa mguu bila kuangalia chini.

Na kadi. Kadi iliyotoka kwenye kamera imebeba kazi ya watu wote wa seti, tangu mpishi hadi nyota wa filamu. Ifunike utepe palepale, iandike namba, uikabidhi mkononi mwa fundi wa data. Usiiache juu ya meza hata dakika moja. Fundi wa data huitoa nakala tatu, kwenye vifaa visivyo vya aina moja, na moja hulala mahali pengine. Kadi haifutwi mpaka aseme yeye mwenyewe kwamba nakala zimehakikiwa. Mtu akikuharakisha kwa kuwa kadi zimekwisha, mwelekeze kwa fundi wa data, nawe usiiguse.

Ngazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mshika fokasi, na nitakaa hapo kidogo. Chukua lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.4, mwigizaji akiwa mita 2 kutoka kwenye kamera. Eneo lililo kali machoni ni kama sentimita 4 tu. Macho yakiwa makali, masikio tayari yamefifia. Akiinamisha kichwa kunywa chai, ameshatoka. Kazi yako ni kumfuata kwa mkono, bila yeye kujua, bila mtazamaji kuona, na bila kupata nafasi ya pili ikiwa teki hiyo ndiyo aliyoigiza vizuri. Kwenye Barry Lyndon hali ilikuwa ngumu zaidi: Kubrick alipiga matukio ya usiku kwa mwanga wa mishumaa, kwa lenzi ya Zeiss ya milimita 50 yenye uwazi wa f/0.7 iliyoundwa kwa ajili ya NASA. Ili Milsome aweze kushika fokasi, kamera ndogo ya video iliwekwa ubavuni, ikimwangalia mwigizaji kwa pembe mraba, na kwenye skrini yake kukawekwa mistari ya kupimia. Kila mwigizaji aliposogea mbele au nyuma, Milsome alisoma umbali kwenye mistari hiyo.

Kanuni ya kwanza: pima kuanzia kwenye alama ya duara lililopitiwa na mstari iliyo ubavuni mwa kamera, maana hapo ndipo picha inapotua. Ukipimia kwenye mdomo wa lenzi utakosea kila mara. Kanuni ya pili: lenzi nyingi za sinema za kukodisha zimeandikwa kwa futi, hivyo lazima macho yako yajue futi, hata kama shuleni ulifundishwa mita. Fanya zoezi hili ukiwa kituoni ukisubiri daladala au matatu: kadiria umbali hadi nguzo ya umeme, hadi kwa muuza machungwa, hadi kwenye mlango wa duka, kisha pima kwa kifaa cha leza au futi kamba. Fanya kila siku. Baada ya muda jicho huacha kukisia na kuanza kujua.

Siku hizi kuna vifaa vya kushikia fokasi kwa mbali, na vijana wengi hukaa nyuma ya skrini. Skrini ni msaada mkubwa, lakini inakuonyesha kosa likiwa limeshatokea. Mtazame mwigizaji mwenyewe kila inapowezekana. Mtu hasogei ghafla: bega hutangulia, uzito huhamia mguu mmoja, pumzi huvutwa, ndipo hatua ije. Washika fokasi wazuri husoma hayo, na mkono wao huanza kuzunguka pamoja na mwili wa mwigizaji. Hudhuria mazoezi yote, hata yale ambayo kamera haipo. Muulize mwigizaji kwa heshima kama atakaa kabla au baada ya kusema sentensi ile. Wengi hufurahi kuulizwa, kwa sababu ni uso wao unaotaka uonekane vizuri.

Msaidizi wa kwanza pia ndiye anayejua hesabu za kamera. Kanda yetu inatumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu 24 na shata ya nyuzi 180 ndani ya ofisi yenye taa za mirija, picha inaweza kuanza kupepesa, na kwenye skrini ndogo mchana hutaligundua hilo. Weka shata nyuzi 172.8, muda wa mwanga utakuwa sekunde 1/50, nayo itatulia. Ukipiga kwa fremu 25, nyuzi 180 zinatosha. Wageni kutoka Marekani wamezoea mizunguko 60 na wakati mwingine husahau. Ukiwakumbusha kwa upole kabla ya shoti ya kwanza, watakukumbuka kwa muda mrefu.

Kutoka hapo kwenda kuendesha kamera ni mabadiliko makubwa zaidi kuliko yanavyoonekana. Uliyekuwa ukifikiria umbali sasa unafikiria fremu: nani aingie, nafasi gani iachwe juu ya kichwa, lini kusogea na lini kutulia. Njia ya kawaida ni kupewa kamera ya pili siku ambayo tukio ni kubwa, au kwenda na kikosi cha pili kupiga mandhari na magari. Kubali nafasi hizo hata kama malipo ni ya ngazi yako ya zamani kwa siku chache za mwanzo. Piga filamu fupi za wanafunzi siku zako za mapumziko. Kisha ukishaamua kupanda, waambie watu wote wanaokuita, na uache kupokea kazi za ngazi ya chini baada ya muda fulani uliojiwekea. Utapitia miezi mikavu. Weka akiba kabla ya kutangaza. Na kama unaona kazi ya fokasi inakutosha, baki nayo. Kuna watu wameifanya maisha yao yote, wapigapicha wakuu huwagombania, na hakuna anayewaona kama waliokwama.

Kwa dada zetu: watakuambia kamera ni nzito. Ni nzito kwa wote, na ndiyo maana kuna vibebeo, matoroli na watu wawili wa kuinua kasha. Oscar za upigaji picha zilipita miaka karibu 90 bila mwanamke hata mmoja kuteuliwa, mpaka Rachel Morrison alipoteuliwa mwaka 2018 kwa Mudbound. Ucheleweshaji huo haukutokana na uzito wa kamera.

Kuhusu pesa, usikope kununua kamera. Itapitwa na wakati kabla hujamaliza deni, na filamu kubwa zitakodisha hata hivyo. Nunua kwanza mkoba wa kiunoni, tochi, tepu za rangi, kalamu za wino usiofutika na za kufutika, funguo za Allen za inchi na milimita, karatasi za kufutia lenzi, pampu ya kupulizia vumbi, na futi kamba nzuri. Hivyo ndivyo vitakavyokulisha miaka ya mwanzo.

Liko jambo moja ambalo ngazi yako haihusiki nalo hata kidogo. Februari 2014, huko Georgia, Marekani, Sarah Jones, msaidizi wa pili wa kamera mwenye umri wa miaka 27, alifariki baada ya treni kuikuta timu yake juu ya daraja la reli, mahali ambapo kampuni ya reli ilikuwa imekataa kutoa ruhusa ya kupiga picha. Aliyekuwa mdogo kazini ndiye aliyelipa. Ukiambiwa upande juu ya gari linalokwenda, usimame barabarani bila askari wa kuzuia magari, au uingie majini na nyaya za umeme, uliza ruhusa iko wapi na nani anasimamia usalama. Usipopata jibu, kataa. Kazi nyingine itakuja.

Na simu ikilia jioni kwamba kesho unahitajika, kabla ya kusema ndiyo uliza mambo haya: mahali, saa ya kufika, kamera ni ipi, nani ni mshika fokasi, malipo ya siku ni kiasi gani na yatalipwa lini, na saa za ziada zinahesabiwaje. Waombe wakuandikie majibu kwa ujumbe wa simu na uutunze. Kisha lala mapema, ufike nusu saa kabla ya muda, na uanze na betri.